Namna ya Kupima Iwapo Vodka ya Bei Ghali Ina Ladha Bora

Kwa sehemu kubwa vodka ni maji na ethanoli tu, na kwa kuwa pombe yake hukenekwa hadi kukaribia asilimia 96 kabla ya kuongezwa maji, tofauti kati ya chupa ghali na ya bei nafuu huwa ndogo kuliko lebo zinavyodai. Njia ya uhakika ya kuipima ni kuonja bila kujua unachoonja.

Chagua chupa mbili zenye kiwango sawa cha kileo, tuseme asilimia 40, kwani ile iliyo kali zaidi itajitambulisha yenyewe kooni. Mwombe mwenzako akumiminie, nawe usiwepo, glasi tatu zinazofanana, mbili za vodka moja na ya tatu ya nyingine, kisha utafute iliyo tofauti. Anayebahatisha hupatia mara moja kati ya tatu, hivyo rudia zoezi, mpangilio ukibadilishwa, kabla ya kujigamba.

Usiipoze vodka, kwa sababu ubaridi wa friza hufifisha harufu, na ndiyo maana hata vodka duni hunyweka ikiwa baridi. Nusa kwanza, onja kidogo, tema, kisha usuuze kinywa kwa maji. Harufu ya kiondoa rangi ya kucha ni dosari. Ama ule utamu wa mbali ambao wengi huusifu kuwa ni ulaini, huenda ni sukari tu, ambayo kanuni za Umoja wa Ulaya huiruhusu hadi gramu 8 kwa lita.

Ikiwa utachanganya na juisi, zoezi lote hili halina haja: nunua ya bei nafuu.