Kuomba Uteuzi wa Jimbo la Manitoba Ukiwa Nje ya Kanada: Mwongozo kwa Mfanyakazi Mwenye Ujuzi

Kanada ina majimbo 10 na maeneo 3, na karibu yote yamepewa na serikali kuu haki ya kuchagua baadhi ya wahamiaji wanaowahitaji na kuwapendekeza wapewe ukaazi wa kudumu. Quebec ina utaratibu wake wa pekee, na Nunavut haina mpango wowote wa aina hii. Manitoba, ambayo makao yake makuu ni Winnipeg, ilianza kuteua wahamiaji mwaka 1998 na ni miongoni mwa majimbo ya kwanza kabisa kufanya hivyo. Mwongozo huu unashughulikia jimbo hilo, na hasa kundi la wafanyakazi wenye ujuzi walio nje ya Kanada, kwa sababu ni miongoni mwa njia ambazo mtu aliyeko Mwanza, Nakuru au Muscat anaweza kuzianza bila kuwa na ofa ya kazi mkononi.

Kabla ya kuingia kwenye hatua zenyewe, ni vizuri kuelewa jimbo linatafuta nini. Waombaji wengi hutumia nguvu zote kuhesabu alama za elimu na lugha, ilhali swali ambalo afisa wa Manitoba analiuliza anaposoma faili ni jingine: mtu huyu akipewa karatasi, atakaa hapa au atashuka uwanja wa ndege wa Winnipeg na kupanda basi la kwenda Toronto? Jimbo linapewa idadi maalumu ya nafasi kila mwaka, na kila anayeteuliwa kisha akahamia kwingine amelipotezea jimbo nafasi moja. Nafasi zenyewe hupanda na kushuka. Mwaka 2024 lengo la serikali kuu kwa wateule wa majimbo yote lilikuwa watu 110,000, likakatwa hadi 55,000 kwa mwaka 2025, kisha mpango wa mwaka 2026 ukaweka 91,500. Katika hali hiyo, faili lenye alama nzuri lakini lisiloonyesha uhusiano wowote na Manitoba lina nafasi finyu sana.

Uhusiano na jimbo

Uhusiano unaotambuliwa ni wa aina chache: kuwa na jamaa wa karibu au rafiki anayeishi Manitoba, kuwa umewahi kusoma au kufanya kazi huko, au kuwa umealikwa na jimbo lenyewe kupitia mikakati yake ya kuajiri. Jamaa au rafiki huyo lazima awe raia wa Kanada au mkaazi wa kudumu, na awe ameishi Manitoba kwa mwaka mmoja au zaidi. Katika upangaji wa wanaosubiri mwaliko, jamaa wa karibu huongeza alama 200 na rafiki au jamaa wa mbali huongeza 50 tu, kwa hiyo inafaa kuuthibitisha undugu pale ulipo badala ya kumwandika binamu yako kama rafiki kwa kuogopa usumbufu wa makaratasi.

Usumbufu huo upo kweli. Jamaa wa karibu ni pamoja na wazazi, ndugu, mabibi na mababu, wajomba, shangazi, wapwa, na binamu wa kwanza, na kila kiungo cha ukoo kinathibitishwa kwa cheti. Chukua mfano wa mtu anayemtegemea mjomba wake aliyeko Winnipeg. Atahitaji cheti chake cha kuzaliwa kinachotaja jina la mama yake, kisha cheti cha mama na cha mjomba vinavyoonyesha kwamba wawili hao wana mzazi mmoja angalau. Wazee wengi waliozaliwa miaka ya 1950 na 1960 hawakuwahi kupata vyeti, au vyeti vyao vilitolewa baadaye na majina yakaandikwa kwa tahajia nyingine. Anza kazi hii mapema: Tanzania Bara ushughulikie RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, Kenya ushughulikie idara ya usajili wa raia, na pale ambapo jina moja limeandikwa kwa namna mbili uambatanishe kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo. Mjomba wa kiheshima, yaani rafiki wa baba mliyekua mkimwita hivyo, hahesabiki hapa.

Mtu anayekuunga mkono hapaswi kuwa jina tu kwenye fomu. Atajaza mpango unaoeleza atakusaidiaje kupata makazi, kazi na huduma, na nawe utaandika mpango wako wa makazi. Mpango mzuri unataja mji utakaoishi, aina ya waajiri uliowachunguza, gharama za kupanga nyumba, na shule za watoto kama unao. Uandike baada ya mazungumzo ya kweli na ndugu yako, kwa kuwa maafisa wanaweza kuwahoji nyote wawili na majibu yanapaswa kufanana. Kumbuka pia kwamba mfumo wa Manitoba hupunguza alama kwa mtu aliyewahi kusoma, kufanya kazi au kuomba uhamiaji katika jimbo jingine, na kwa mwenye jamaa wa karibu katika jimbo jingine ilhali Manitoba hana. Kama dada yako yuko Calgary, ni busara kutazama kwanza jimbo lake, Alberta, linasema nini.

Wanaozungumza Kifaransa wana mlango wa ziada. Saint-Boniface, kitongoji cha Winnipeg ng'ambo ya mto, kina jamii ya siku nyingi ya Wafaransa wa Manitoba, na jimbo hufanya juhudi za makusudi kuvuta wahamiaji wa lugha hiyo. Msomaji wa Bukavu, Lubumbashi au Bujumbura aliyesoma kwa Kifaransa asifiche jambo hilo nyuma ya Kiingereza cha kubahatisha. Afanye mtihani wa TEF Canada au TCF Canada na auweke mbele.

Alama, lugha na vyeti

Ili kustahili, mwombaji wa nje anahitaji angalau alama 60 kati ya 100 (hizi ni alama za kustahili, si zile za kuwapanga wanaosubiri mwaliko), zinazotokana na lugha, umri, uzoefu wa kazi, elimu na uwezo wa kuzoea maisha ya jimbo. Umri wa miaka 21 hadi 45 ndio unaopata alama zote za kipengele hicho. Kwa lugha, daraja la 8 la vigezo vya Kanada, vinavyojulikana kama CLB, na kuendelea linatoa alama 20, na daraja la 4 linatoa 12.

Mtihani wa Kiingereza unaotumika ni IELTS wa aina ya General Training, CELPIP General au PTE Core. Kila mwaka kuna watu wanaolipia IELTS ya Academic kwa kudhani ni bora zaidi, na matokeo yake hayakubaliki hapa. Daraja la 7 ni sawa na alama 6.0 katika kila stadi nne za IELTS, na kinachoangaliwa ni stadi iliyo chini kuliko zote, wala si wastani. Matokeo yanadumu miaka 2, hivyo usifanye mtihani kabla ya kuwa na vyeti vingine karibu na kukamilika.

Vyeti vya elimu ya nje hutathminiwa na taasisi iliyoidhinishwa na Kanada, ambayo wengi wa Afrika Mashariki hutumia ni WES. Chuo chenyewe ndicho kinachotuma matokeo yako, kwa njia ya mtandao au kwa bahasha iliyofungwa na kupigwa mhuri. Hapa ndipo miezi hupotea: barua hukaa kwenye ofisi ya msajili ikisubiri sahihi ya mtu aliye likizoni. Fuatilia ana kwa ana, au mtume mtu anayekaa karibu na chuo. Tathmini hudumu miaka 5, kwa hiyo ndiyo hatua ya kuanza nayo.

Barua ya mwajiri

Hakuna karatasi inayoangusha waombaji wa kwetu kama barua ya uzoefu wa kazi. Barua ya kawaida huandikwa, "Kwa yeyote anayehusika, tunathibitisha kwamba bwana huyu alikuwa mfanyakazi wetu kuanzia 2017 hadi 2022, na tunamtakia kila la heri." Kwa afisa wa uhamiaji, barua hiyo haithibitishi chochote. Inayotakiwa iwe kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, itaje cheo, tarehe kamili za kuanza na kumaliza, saa za kazi kwa wiki, mshahara na marupurupu, majukumu makuu, na jina, cheo, simu na sahihi ya anayeiandika.

Majukumu ndiyo moyo wa barua. Kanada huainisha kazi zote kwa namba za tarakimu tano katika mfumo wa NOC, na kila kazi ina daraja la mafunzo na uzoefu linaloitwa TEER, kuanzia 0 hadi 5. Mchomeleaji, kwa mfano, ni 72106, dereva wa lori la masafa ni 73300, muuguzi aliyesajiliwa ni 31301. Afisa hulinganisha ulichokuwa ukifanya na maelezo ya namba uliyoichagua. Jina la cheo pekee halimsaidii sana. Aliyeandikwa "meneja" katika duka la vipuri lakini siku nzima yuko kaunta akiuza, huyo ni muuzaji. Soma maelezo ya namba yako, uyaone yanafanana na kazi yako halisi, kisha umwombe mwajiri aandike kwa maneno yake mwenyewe ulichokuwa ukikifanya. Barua iliyonakili maelezo ya NOC neno kwa neno hutiliwa shaka papo hapo.

Kama mwajiri amefunga biashara au amekataa kuandika, kusanya ushahidi wa pembeni: mkataba, hati za mishahara, taarifa za michango ya NSSF, taarifa za benki zinazoonyesha mshahara ukiingia, na barua ya msimamizi wako wa zamani pamoja na maelezo yako ya kwa nini barua rasmi haipo.

Kutuma tamko la nia na yanayofuata

Vyeti vikiwa tayari, unajisajili katika tovuti ya jimbo na kujaza tamko la nia, bila ada. Mfumo unakupa namba ya alama za kukupanga, nawe unasubiri. Tamko hudumu mwaka mmoja. Jimbo hufanya michujo kila baada ya muda na kuwatumia waliochaguliwa barua ya kuwashauri waombe. Ukiipata una siku 60 za kuwasilisha maombi kamili, pamoja na ada ya dola 500 za Kanada isiyorudishwa. Siku 60 hazitoshi kuanza kutafuta cheti cha mama yako kijijini, na ndiyo maana nimesisitiza vyeti vitangulie.

Ukiteuliwa, kuna njia mbili za kwenda serikali kuu. Kama una wasifu katika Express Entry, mfumo wa mtandaoni wa serikali kuu wa kuwapanga waombaji kwa alama, uteuzi unakuongezea alama 600, ambazo kwa kawaida zinatosha kukuletea mwaliko. Kama huna, unaomba kwa njia ya kawaida, ambayo huchukua muda mrefu zaidi, mara nyingi zaidi ya mwaka. Ada ya maombi na haki ya ukaazi wa kudumu, kwa viwango vilivyoanza Aprili 2024, ilikuwa dola 1,525 kwa mtu mzima na 260 kwa kila mtoto, na alama za vidole zilikuwa 85 kwa mtu mmoja au 170 kwa familia. Viwango hivi hupitiwa kila baada ya miaka 2, basi viangalie upya kabla ya kulipa.

Anayepitia Express Entry bila kuwa anafanya kazi Kanada atahitajika pia kuonyesha fedha za kuanzia maisha. Kiwango cha Julai 2025 kilikuwa dola 15,263 kwa mtu mmoja na 28,362 kwa familia ya watu wanne. Zinatakiwa fedha unazoweza kuzitumia. Kiwanja cha Kibaha au Kitengela hakihesabiwi, wala mkopo, wala akiba ya SACCOS iliyofungwa kwa dhamana. Benki itoe barua yenye salio na wastani wa miezi 6, na pesa nyingi ikiingia ghafla wiki mbili kabla, uwe na maelezo yenye karatasi.

Uchunguzi wa afya hufanywa na daktari aliyeidhinishwa na Kanada pekee. Cheti cha polisi hutakiwa kutoka kila nchi uliyoishi miezi 6 mfululizo au zaidi katika miaka 10 iliyopita. Aliyefanya kazi Oman, Qatar au Dubai akichukue kabla hajarudi nyumbani, maana kukifuatilia kutoka Mombasa ni kazi ngumu na ya gharama.

Hakuna mtu anayeuza uteuzi. Wakala anayelipwa kwa kazi hii lazima awe wakili wa Kanada, au mthibitishaji wa hati (notari) wa Quebec, au mshauri aliyesajiliwa katika chombo kinachosimamia washauri wa uhamiaji, na jina lake linaonekana katika daftari la wazi mtandaoni. Ukimlipa mtu wa kati akaweka barua ya kazi ya kughushi, anayefungiwa miaka 5 ni wewe.

Uteuzi pia haukupi leseni ya taaluma. Muuguzi, mwalimu au fundi umeme atapitia chombo cha taaluma yake Manitoba, na wauguzi wanaweza kuanza hatua hizo wakiwa bado nyumbani.

Mwisho, taja familia yako yote. Mtoto uliyezaa kabla ya ndoa, anayelelewa na bibi yake na asiyesafiri nawe, aandikwe kwenye fomu na apimwe afya kama wengine. Kanuni za uhamiaji humzuia mtu kumdhamini baadaye mwanafamilia ambaye hakumtaja na hakupimwa, na wapo wazazi walionyamaza kwa kuogopa maswali ya nyumbani ambao sasa hawana njia rahisi ya kumleta mtoto. Ukioa, ukiolewa au ukipata mtoto wakati faili bado liko mezani, ijulishe ofisi kabla hujapanda ndege.