Ndimu kwenye mboga, chai baadaye

Ukishaepua mchicha, matembele au maharage, kamulia nusu ndimu kabla ya kupakua. Usikamulie mboga ikiwa bado inachemka, maana vitamini C huharibika kwa moto, na hiyo ndiyo inayousaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na kunde. Chuma hicho hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama. Ndimu ikikosekana, kachumbari ya nyanya mbichi, papai au chungwa vitafaa.

Na chai? Isubiri kama saa moja baada ya kula, hata iwe ya rangi, kwa sababu inazuia chuma kufyonzwa. Kama nyumbani kuna mjamzito au watoto wadogo, hili lizingatie zaidi. Wao ndio wanaohitaji chuma kwa wingi.

Kwetu tulizoea kushushia ugali wa usiku kwa chai, na wazee waliona taabu kuiacha. Siku hizi, tukisubiri birika, tunabaki mkekani tunazungumza. Watoto wanamwambia aliyepika, mmoja mmoja, "Ahsante kwa chakula," kisha wanaondoa vyombo wenyewe.