Siku ya jina Polandi: jinsi ya kujipanga usije ukaumbuka

Haya, mliohamia Polandi kwa masomo au kazi, na mliopata wakwe huko, hii ni yenu. Mbali na bethidei wana imieniny, siku ya jina, na kwa watu wazima wengi hasa wazee hiyo ndo sherehe yenyewe, maana hakuna wa kukuuliza umefikisha mingapi.

Hatua ya 1: tafuta tarehe. Kalenda ya Kipolandi, hasa ile ya ukutani ya kuchana karatasi kila siku, ina majina kwenye kila tarehe. Józef 19 Machi, Anna 26 Julai, Andrzej 30 Novemba, Barbara 4 Desemba. Chimbuko ni sikukuu za watakatifu wa Kikatoliki, ndo maana kina Barbara wanasherehekea siku moja na wachimba makaa, Mtakatifu Barbara ndo msimamizi wao.

Hatua ya 2: hakikisha ni tarehe YAKE. Hapa ndo wengi wanapotea. Jina moja linaweza kuwa na tarehe kibao, Jan na Maria ndo balaa kabisa, na mtu anachagua mwenyewe, wengi wanachukua ile inayofuata baada ya bethidei yao, so chonga na mkewe au mtu wa karibu mapema. Alafu usihangaike kumtafuta Basia kwenye kalenda, huyo ni Barbara, Kasia ni Katarzyna, Zosia ni Zofia. Na kama mtu ni wa Śląsk, eneo la kusini mwa Polandi, uliza kwanza, wengi kule ni watu wa bethidei tu.

Hatua ya 3: maua. Idadi iwe witiri, 3, 5 au 7, shufwa ni ya msibani. Krisanthemu usiguse hata ziwe bei chee, hizo zinapelekwa makaburini 1 Novemba. Ukiongeza chokleti umemaliza.

Hatua ya 4: mlangoni usimpe mkono yeye yuko ndani wewe uko nje, wanaona ni mkosi, ingia kwanza. Alafu toa maua useme "wszystkiego najlepszego", tamka kama fshistkiego nailepshego, ukikosea watacheka kidogo na watakupenda zaidi.

Hatua ya 5: kula. Saladi ya viazi, karoti, njegere, mayai na matango ya chumvi iliyojaa mayonezi haikosi, pengine na samaki wa heringi, na keki ya jibini inaitwa sernik (hiyo msinipitie mbali). Vodka ikija na hunywi sema mapema, ukisema nusu nusu wataendelea kukumiminia. Wakianza kuimba Sto lat, yaani miaka mia, simama na glasi yako hata kama ni ya juisi.

Ofisini ni kinyume na mnavyofikiria, mwenye jina ndo analeta keki. Kina Juma na Neema hamumo kwenye kalenda yao, mmepona, ila kina Ana, Yosefu, na Petro na Paulo wa 29 Juni, wenzenu wanaijua tarehe kabla hamjafungua mdomo, so siku hiyo msitokee mikono mitupu.