Meza ya kulengea shabaha yenye mafiga matatu

Kusini mwa Boise, hapa jimbo la Idaho, Marekani, ukishayapita mashamba unakutana na nyika. Ni ardhi ya umma inayosimamiwa na Bureau of Land Management, idara ya ardhi ya serikali kuu: vichaka vya sagebrush, mawe meusi ya volkano, upepo kutwa nzima. Sehemu nyingi za nyika hiyo unaruhusiwa kulenga shabaha, mradi nyuma ya shabaha pawe na kilima cha udongo cha kupokea risasi, na ukiondoka uokote maganda na makaratasi yako. Meza hakuna. Kila mtu anakuja na yake, au analaza bunduki juu ya boneti ya gari.

Mimi nilianza na boneti. Mwaka wangu wa kwanza wa kuwinda nilirekebisha darubini ya bunduki hivyo hivyo, blanketi juu ya bati. Oktoba nikampiga kulungu kwa nyuma mno. Tulifuata damu mpaka giza likaingia, kesho yake tukarudi tukatafuta hadi adhuhuri, hatukumpata. Mnyama yule amenikaa moyoni. Ndiyo maana nikatengeneza meza, na ndiyo maana naandika hapa jinsi ya kuitengeneza vizuri, kwa sababu Waswahili tunaowinda huku tumekuwa wengi kidogo na nimeulizwa mara kadhaa.

Uelewe kwanza meza inafanya kazi gani. Darubini nyingi za kuwindia, ukizungusha kitufe mpaka kilie "tik" mara moja, risasi inahama robo inchi kwa umbali wa yadi 100, yaani mita 91. Sasa kama meza yenyewe inakutupa inchi tatu huku, tatu kule, unarekebisha nini? Unazungusha kitufe kuufuata mtikisiko. Siku ile kwenye boneti nilimaliza boksi zima la risasi 20 nikidhani darubini ni mbovu, kumbe ilikuwa nzima.

Jirani yangu mzee, mwindaji tangu utoto, aliniazima meza yake ya miguu minne. Nzuri, ya mbao nzito. Tukaiweka juu ya mawe ikawa inachezacheza, tukaingiza kijiwe chini ya mguu mmoja, ukacheza mwingine. Nikiwa nimepiga magoti pale nasukuma kijiwe, likanijia jiko la mama yangu Kasulu. Mafiga ni matatu. Yaweke penye mteremko, yaweke penye shimo, chungu kitainama lakini hakitacheza. Stuli ya fundi viatu nayo ina miguu mitatu kwa sababu hiyo hiyo. Mguu wa nne unataka sakafu ya saruji, na nyikani hakuna sakafu.

Kwa hiyo miguu mitatu. Ila usiipange ovyo, hapa ndipo wengi wanapokosea, na mimi meza yangu ya kwanza ilikosea hapa. Niliweka miguu miwili kwenye pembe za mbele na mmoja nyuma, ikapendeza macho. Nilipoegemea kwa kiwiko cha kushoto ikapinduka, nikaidaka kwa paja. Bahati bunduki ilikuwa bado garini. Uzito wa mlengaji unashuka mahali patatu: mfuko wa mchanga wa mbele unaobeba bunduki, kiwiko cha kulia, na kiwiko cha kushoto. Mguu uende pale uzito unaposhukia.

Basi vipimo. Nunua karatasi moja ya plaiwudi nzuri ya unene wa robo tatu inchi (milimita 18 au 19) isiyo na mapengo ndani. Tazama ubavu wake, ukiona matundu kati ya tabaka iache. Kata uso wa meza inchi 48 kwa 36, yaani sentimita 122 kwa 91. Urefu ndio unaoelekea kwenye shabaha. Kisha kwenye pembe ya nyuma upande wa kushoto ondoa mraba wa inchi 18 kwa 18. Pengo hilo ndilo kifua chako kinapoingia. Upande wa kulia unabaki ulimi wa upana wa inchi 18, na kiwiko cha kulia kinakaa juu yake. Hii ni kwa mtu wa mkono wa kulia. Mke wangu ni wa shoto, kwa hiyo ya kwake nilikata upande wa pili, na miguu nayo nikaigeuza. Usimlazimishe mtu wa shoto akalie meza ya kulia, atalenga amejipinda. Pembe zote zizungushe kwa msumeno mdogo na msasa, maana ile pembe ya ndani ya pengo inachoma mbavu.

Miguu ni mbao za nne kwa nne. Dukani wanaziita nne, ukipima ni inchi tatu na nusu. Chagua zilizonyooka na kavu. Ubao mbichi utapinda ukikauka na hautaingia tena mahali pake. Urefu wa miguu ya meza yangu ni inchi 32, na ninakalia stuli ya inchi 19. Wewe kaa kwanza kwenye stuli yako, mtu akushikie ubao mbele ya kifua, pandisha na shusha mpaka uweze kuinamisha shavu bila kukunja mgongo wala kunyoosha shingo. Hapo ndipo urefu wako.

Mguu wa mbele uweke inchi 4 kutoka ukingo wa mbele, inchi 20 kutoka ukingo wa kushoto, chini kabisa ya mfuko wa mchanga. Wa pili uwe nyuma ya ulimi, inchi 4 kutoka mwisho, karibu na pembe ya kulia. Wa tatu ukingo wa kushoto, mbele kidogo ya pengo, ili ubebe kiwiko cha kushoto na bado goti lipite. Kila mguu uinamie nje kwa digrii 10. Huna kipimo cha pembe? Chora mstari wa inchi 12, mwishoni mwake panda inchi 2 na moja ya nane, unganisha. Pembe ni hiyo.

Sasa ala, yaani kiboksi ambacho mguu unachomekwa kama panga. Hapa usiharakishe. Kata vipande vya mbao za mbili kwa nne, urefu wa inchi 5, ncha za juu zikatwe kwa digrii zile zile 10 ili vikae sawa chini ya plaiwudi huku vimeinama. Kata na kichwa cha mguu kwa pembe hiyo hiyo. Uviringishie mguu mfuko wa nailoni, usimamishe mahali pake meza ikiwa imegeuzwa chali, halafu jenga vipande vinne kuuzunguka kwa gundi ya mbao. Nailoni inafanya kazi mbili: gundi haiushiki mguu, na inaacha nafasi ndogo ya kutosha kuuchomoa. Bana kwa jiriwa, acha usiku mzima. Asubuhi piga skrubu za inchi mbili na nusu kutoka juu ya uso wa meza kuingia kwenye kila kipande, vichwa vizame. Toboa tundu dogo kwanza, la sivyo ubao utapasuka.

Angalia jambo hili kwa makini. Mguu ukishaingia, kichwa chake lazima kiguse plaiwudi kila mahali. Paka chaki kwenye kichwa, ingiza mguu, gonga mara moja, chomoa. Chaki ikiwa imehamia upande mmoja tu, pitisha randa pale palipoacha alama, kidogo kidogo, rudia. Uzito unatakiwa kushuka kutoka kwenye uso wa meza moja kwa moja hadi kwenye mguu. Bolti unayopitisha kwenye ala, ya unene wa tatu ya nane inchi yenye nati ya masikio, ni ya kuzuia mguu usidondoke unapoinyanyua meza. Ukiiachia bolti ibebe uzito, baada ya siku chache tundu litapanuka na mtikisiko utarudi.

Niliwahi kujaribu miguu ya mabomba ya chuma ya kuskrubu. Ni mepesi kufunga, lakini nyuzi zinalegea kwa kila mlio na nilikuwa nazikaza kila baada ya risasi tano. Sikushauri.

Kutoka ala hadi ala unganisha mbavu za mbili kwa nne zilizosimama kwa ubavu, gundi na skrubu. Bila mbavu, plaiwudi ya unene huo inadunda katikati.

Kujaribu ni rahisi. Simamisha meza uani kwenye nyasi, weka glasi ya maji juu ya ulimi, halafu egemea viwiko vyote kama unayelenga. Maji yatatikisika unapokaa, ni kawaida. Ukitulia yatulie nawe. Kama yanaendelea kucheza, tafuta mguu ambao kichwa chake hakijakaa.

Rangi si lazima, ila mipako miwili ya vanishi ya nje itaiokoa na theluji. Juu bandika kipande cha zulia kuukuu mahali mifuko inapokaa, mchanga usiteleze. Yangu nzima ina kilo kama 23. Uso unaingia nyuma ya pikapu umelala, miguu kando yake.

Ukifika nyikani, mdomo wa bunduki upite ukingo wa mbele wa meza, la sivyo moshi na upepo wa risasi vitarusha mchanga usoni. Mfuko wa mbele ukae chini ya mbao ya bunduki, usiguse mtutu. Vaa kinga ya masikio. Mwenzako akienda kwenye shabaha, chemba ya bunduki iachwe wazi, bila risasi, na hakuna mtu kukaa kwenye stuli mpaka arudi.

Kwenye boneti risasi zangu tano zilitawanyika inchi sita. Kwenye meza hii, bunduki ile ile, zinakaa ndani ya inchi moja na nusu.

Kila mguu uandike namba kwa chuma cha moto, na ala yake namba hiyo hiyo. Mguu uliopigwa randa kwa ajili ya ala ya kwanza hautakaa sawa kwenye ya tatu.