Cousin ni nani hasa kwenye fomu za Kiingereza

Mtoto wa shangazi au mjomba ni binamu, hapo hakuna utata. Kazi ipo kwa mtoto wa baba mdogo, baba mkubwa, mama mdogo au mama mkubwa: nyumbani ni kaka au dada, lakini kwa Kiingereza naye ni cousin, awe wa kiume au wa kike. Brother na sister huandikwa kwa mliochangia mzazi, hata mmoja tu.

Kwenye fomu za uhamiaji, kosa la kumwandika cousin kama brother au sister lina gharama. Raia wa Marekani aliyefikisha miaka 21 anaweza kumwombea brother au sister wake ukaazi, ila cousin hayumo kwenye orodha. Ukimwandika brother, vyeti vya kuzaliwa vitaonyesha wazazi tofauti, na maelezo yako yataonekana ya uongo.

Ukiulizwa ni cousin wa ngapi, hesabu vizazi kutoka kwa kila mmoja hadi kwa mzee mnayekutana. Chukua namba ndogo, toa moja. Wewe na mtoto wa shangazi mnakutana kwa babu, hatua 2 kila upande: first cousin. Mkikutana kwa baba wa babu, hatua 3: second cousin.

Hatua zisipolingana, tofauti yake ndiyo removed. Mtoto wa binamu yako yuko hatua 3 toka kwa babu yako, wewe 2, tofauti ni hatua moja (once), kwa hiyo ni first cousin once removed. Wengi humwita second cousin au nephew (mpwa). Yote mawili si sahihi, ingawa kwenye mazungumzo cousin pekee inatosha.