Pikipiki kwenye foleni za Dar: mtazame konda, litazame tairi

Nabeba spea za magari kwa pikipiki, kutoka maduka ya Kariakoo kwenda gereji za Tabata, Sinza, Mbagala na kokote fundi anakopiga simu. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza kwanza habari za mwendo. Mwendo una mwisho wake kisheria, kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, na hapo sina la kuongeza. Kigumu ni kujua mwenzako barabarani atafanya nini kabla hajafanya. Indiketa wengi hawawashi. Lakini karibu kila mmoja anatoa ishara nyingine bila mwenyewe kujua, na hizo zinasomeka.

Nianze na daladala, maana ndiyo utashinda nayo. Achana na dereva, msome konda. Akianza kuning'inia mlangoni, mguu mmoja nje na uso umeelekea kituoni, gari linaingia pembeni sasa hivi, indiketa iwepo isiwepo. Akigonga bodi na kudandia, linaondoka, na dereva atakata kulia bila kukutazama kwa sababu macho yake yako kwenye daladala nyingine inayomwahi abiria wa mbele. Kwa hiyo daladala iliyosimama unaipita kulia, ukiacha nafasi ya kutosha mlango wa gari kufunguka kati yako na bodi. Konda akishagonga, subiri waende. Kushoto usipite kabisa, hata pawe peupe kiasi gani. Mlango uko upande huo. Mama anashuka kinyumenyume, mtoto mgongoni, ndoo mkononi, anatafuta ardhi kwa mguu. Hana habari na wewe, na wala si wajibu wake.

Kwa gari dogo tazama tairi la mbele. Gari limesimama kwenye mdomo wa barabara ya mtaa, dereva amekugeukia, mmetazamana, unasema huyu ameniona. Usimwamini. Wengi wanatafuta gari. Pikipiki inapita machoni mwao na haiingii kwenye hesabu. Litazame tairi: rimu ikianza kuzunguka hata kidogo, anatoka. Tairi likiwa limekatwa kulia huku gari limesimama kwenye foleni, anataka kugeuza au kuchomoka kwenye mstari. Nikiona hivyo naachia mafuta, vidole viwili vinakaa kwenye breki ya mbele, na napiga honi moja fupi. Ile ndefu ya kulalamika haisaidii, inamfanya ashtuke na kusimama katikati ya njia yako.

Bajaji haina somo refu. Inaweza kugeuka popote, wakati wowote, upande wowote. Kaa mbali nayo.

Indiketa yako mwenyewe nayo ni ya kuangalia. Kwenye pikipiki zetu nyingi haijizimi. Umekata kushoto Mwenge, umesahau, unakwenda nayo inawakawaka hadi Makumbusho. Mwenye gari anayesubiri kuingia barabarani anaona unakata kushoto, anaingia, mnakutana. Na kwa haki kabisa atasema wewe ndiye uliyemdanganya. Zoea kubonyeza swichi kila ukimaliza kona, hata kama una uhakika umeshazima.

Sasa foleni. Hapa ndipo pikipiki inapata faida yake na ndipo watu wanapoumia. Kupita katikati ya magari yaliyosimama sikukatazi, nikikukataza utanicheka. Ila pita kwa mwendo ambao ukiguswa unaweza kuweka mguu chini ukasimama. Magari yakianza kutembea, rudi kwenye mstari, kaa nyuma ya gari moja kama watu wengine. Wanaoendelea kuchanja mbuga katikati wakati foleni imefunguka ndio wanaobanwa, kwa sababu muda huo kila dereva anahama njia.

Na pengo kwenye foleni haliachwi bure. Ukiona magari yamebanana, halafu mbele kuna dereva mmoja ameacha nafasi ya gari zima, usifurahi. Amemwachia mtu. Kuna gari linakatiza kutoka upande wa pili, au guta, au mwanafunzi anavuka, na wewe uliyefichwa na lori unatokea mbele yake ghafla. Kila ukikaribia pengo, punguza hadi karibu na kusimama, chungulia, ndipo upite. Gari lililosimama kwenye zebra ni hivyo hivyo: halikusimama kwa ajili ya mapambo. Barabara ya Morogoro inataka uangalifu huo zaidi kwa sababu vituo vya mabasi ya mwendokasi viko katikati ya barabara, kwa hiyo watu wanavuka kwenda na kurudi mchana kutwa. Njia ya mwendokasi yenyewe usiingie. Inavutia, najua, iko wazi wakati wewe umekwama Magomeni. Lakini basi lile ni zito, linakuja kasi, na pembeni huna pa kukimbilia.

Muuza maji naye ni wa kumtazama. Anachomoka kati ya magari mawili akiwa amemwangalia mteja aliyenyoosha noti dirishani. Ukiona mkono umetoka dirishani na pesa, jua kuna mtu anaukimbilia kutoka upande wako.

Barabara ya Mandela ina sheria yake. Kuanzia bandarini kupita Tazara na Buguruni hadi Ubungo, pale unakutana na malori yenye tela, mengine yanakwenda Zambia na Kongo. Lori refu likitaka kukata kushoto kwenye kona ya kubana, linaanza kwa kutanuka kulia. Kushoto panabaki uwazi mkubwa, unakaribisha kabisa. Ukiingia humo, kichwa cha lori kinarudi kushoto na tela linafuata kwa kukata ndani, matairi ya nyuma yanapanda ukingo uliposimama wewe. Dereva hatasikia chochote. Kwenye taa nyekundu usijipange ubavuni mwa lori, na usijipange puani pake pia: dereva amekaa juu sana, kilicho chini ya kioo chake hakioni. Ama uwe mbele kwa urefu wa gari zima au kaa nyuma. Kipimo changu ni kioo chake cha pembeni. Kama sioni uso wake humo, naye hanioni.

Breki ya mbele inaogopwa bila sababu. Vijiweni wanaambiana kwamba itakurusha, hivyo mtu anaendesha miaka akikanyaga ya nyuma tu, na siku ya dharura tairi la nyuma linafunga, pikipiki inateleza kama sabuni. Unapofunga breki uzito mwingi unahamia mbele, kwa hiyo ya mbele ndiyo inayokusimamisha. Inayorusha ni ile ya kukamatwa kwa ghafla, au ya kufungwa ukiwa umelala kwenye kona. Jumapili asubuhi tafuta eneo pana lenye lami na lisilo na magari. Nenda kwa kilomita 30, usukani umenyooka, ibane ya mbele taratibu kisha ongeza, ya nyuma ikisaidia. Rudia hadi mkono uzoee bila wewe kufikiri. Kwenye mchanga, punguza mapema na tegemea ya nyuma zaidi.

Kwa 50 kwa saa unakwenda karibu mita 14 kila sekunde, urefu wa Coaster mbili zilizofuatana. Hiyo ndiyo sekunde unayoipoteza ukitupia jicho simu kuona mteja kaandika nini. Simama, soma, endelea. Na wale wanaotoa gia pale mteremko wa Kimara ili kuokoa mafuta: injini nayo ni breki, ukiitoa umepunguza uwezo wako wa kusimama. Mafuta unayookoa hayanunui hata soda.

Jua la Barabara ya Morogoro lina ubaya wake. Asubuhi mnaingia mjini linawapiga usoni, jioni mnarudi Mbezi linawapiga usoni tena. Ikiwa wewe huoni vizuri, dereva aliye nyuma yako ana kioo cha mbele chenye vumbi, yeye ni kipofu. Washa taa mchana, vaa kitu cha rangi kali mgongoni, na usifunge breki ghafla bila kuangalia kioo. Vile vioo vya pembeni mnavyovitoa ili mpenye kwenye foleni, virudisheni.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni mbaya kuliko ya tatu, kwa sababu inachanganya vumbi na oili iliyodondoka kwa wiki nyingi. Subiri kibandani barabara ioshwe. Epuka rangi nyeupe za zebra na mifuniko ya chuma, hasa kwenye kona. Dimbwi usilolijua lifuate kwa njia iliyopitwa na tairi la gari la mbele. Pale Jangwani maji yakishavuka barabara, geuza. Usimfuate aliyejaribu akapita.

Kofia ngumu ijaribu dukani: ivae, funga mkanda, tikisa kichwa. Ikizunguka peke yake, si saizi yako. Mashavu yatembee nayo. Isiyofungwa mkanda itatangulia kuanguka kabla yako. Ikishapiga lami mara moja, nunua nyingine hata kama haina ufa.

Na kwa mnaobeba watu, sheria inamtaka na abiria avae kofia. Akina dada wengi wanakataa kwa sababu ya nywele na harufu ya jasho la watu, na wana haki. Beba kitambaa safi cha kutanguliza, anika kofia juani kila ukipata nafasi, utaona wanavaa. Kabla hajapanda, angalia nguo: kanga, baibui, mkanda wa begi, chochote kinachoning'inia karibu na cheni na spoki kikusanywe na kukaliwa. Mwambie miguu yake isitoke kwenye vikanyagio hata ukisimama kwenye foleni, kwa sababu ekzosi inaunguza na magari yanapita karibu. Mtoto asikae mbele juu ya tangi. Na wakiwa wawili wanataka mshikaki ili wachangie nauli, mwite mwenzako wa kijiweni achukue mmoja.