Vifaa vya bei chee vya kubadili oili na mafuta ya breki kwenye pikipiki

Wadau wa bodaboda, kabla hujaenda kununua trei ya kumwagia oili dukani angalia kwanza jikoni kwako. Dumu la mafuta ya kula la lita 5 linatosha kabisa: lilaze chali, ule ubavu uliobaki juu ukate dirisha kubwa kwa kisu, ila mdomo na mfuniko viache vilivyo. Oili inadondokea dirishani, ukimaliza unafungua mfuniko unamimina kwenye galoni bila kuchafua uwanja. Faneli nayo ni chupa ya maji tu, kata kitako basi, hakikisha imekauka maana tone la maji halina kazi ndani ya injini.

Washa injini dakika chache oili ipate moto kidogo, ikiwa ya baridi inatoka kwa kusuasua na uchafu unabaki chini. Isiwe ya kuunguza lakini, na silensa usiiguse. Vaa mfuko wa nailoni mkononi kama huna glavu, fungua boliti ya chini ya injini, na zile zamu za mwisho zungusha kwa vidole huku umeisukuma kuelekea juu isije ikadumbukia kwenye dumu. Futa boliti na washa yake (kile kipete chake), rudisha, kaza kiasi, usiningʼinie spana kama unafungua tairi la lori, zile nyuzi ni za aluminiamu zikikatika umeingia gharama. Unapopima oili mpya pikipiki isimame wima, ukiiegemeza stendi ya pembeni kipimo kinakudanganya. Ile chafu usimwage mtaroni, mafundi mbao wengi wanaichukua wapake mbao dhidi ya mchwa.

Sasa breki ya disiki, hapa ndo watu wanazingua. Utasikia tumia mpira wa dripu kutolea mafuta machafu, mi siukubali, ni mwembamba mno, kuuingiza kwenye nipo (kile kichuchu cha kutolea mafuta na upepo pale breki inapobana disiki) ni shughuli na ukiingia unachomoka. Nunua mpira wa petroli ule unaoonyesha ndani, kipande kifupi tu, chovya ncha kwenye maji ya moto ulainike, sukumiza kwenye nipo, funga na kiwaya. Ncha ya pili ipite kwenye tundu la mfuniko wa chupa mpaka chini, na chini uweke mafuta ya breki kidogo yaifunike isinyonye upepo.

Funika tenki na kitambaa maana haya mafuta yanakula rangi, yakimwagika mwagia maji hapohapo. Vuta machafu ya kwenye kikopo cha juu cha mafuta ya breki kwa bomba kubwa la sindano la duka la dawa, jaza mapya, DOT 3 au DOT 4 (ndo madaraja ya mafuta ya breki) kama mfuniko wa kikopo unavyosema. Halafu minya breki ushikilie, legeza nipo kidogo, funga, ndo uachie. Rudia hivyo hivyo mpaka mpirani yapite masafi bila mapovu, na kikopo kisikauke hata mara moja, kikikauka upepo umeingia unaanza upya.

Pesa uliyookoa kwenye vifaa weka kwenye mafuta yenyewe, chupa ya breki iliyokaa wazi miezi ishavuta unyevu, usiitumie, na oili ya injini humo usithubutu, inavimbisha mipira ya breki. Lile bomba la sindano liandike kwa maka peni PIKIPIKI ulifungie na spana, watoto wasije wakapimiwa dawa nalo.